Ndege Yatua Kipawa, Abiria Akwama Tegeta
Somo la ushuru wa barabara kwa wafanyabiashara wa Bagamoyo na Pwani ya kaskazini

MSOMAJI wa ukurasa huu huanzia kwenye bei: mchele wa Kariakoo, mananasi ya Kiwangwa, samaki wa Feri, hisa za Soko la Dar es Salaam. Wiki hii tunaomba nafasi ya jedwali la bei tuitumie kwa somo, kwa sababu ipo bei moja ambayo haiandikwi katika jedwali lolote, nayo ndiyo inayoamua kama biashara ya Bagamoyo italipa au haitalipa. Ni bei ya kutoka Bagamoyo na kufika mahali pengine.

Wasomaji wetu wa Bagamoyo, Mapinga na Bunju wamekuwa wakiuliza swali moja kwa namna nyingi. Je, kupanuliwa kwa kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam, na haya mazungumzo ya barabara za kulipia, ni habari njema au mbaya kwa mtu mwenye kiwanja, nyumba ya wageni, gari la mizigo au genge la samaki katika ukanda huu? Jibu letu ni kwamba hakuna hata moja kati ya hayo mawili linaloweza kuwa jema au baya peke yake. Linalopima wema wake ni basi: linaanzia wapi, linaishia wapi, na linapita njia gani.

KIWANJA KIKUBWA, MLANGO MDOGO

Tuanze na ndege. Kiwanja cha Kimataifa cha Julius Nyerere kiko Kipawa, kiasi cha kilometa 12 kutoka katikati ya jiji. Kwa miaka mingi kilitegemea Jengo la Pili la abiria, lililofunguliwa mwaka 1984 kwa ramani ya mhandisi Mfaransa Paul Andreu, ambalo lilikusudiwa kuhudumia abiria wapatao milioni 1.5 kwa mwaka. Jengo la Tatu lilifunguliwa Agosti 2019 likiwa na uwezo wa abiria milioni 6 kwa mwaka. Kwa hiyo jengo jipya peke yake linaweza kupokea mara nne ya watu waliokusudiwa katika lile la zamani.

Sasa mchukue abiria mmoja kati ya hao milioni 6, anayetaka kulala Bagamoyo aione Ngome Kongwe, Kaole na misheni ya Kikatoliki ya mwaka 1868. Akitoka nje ya jengo lile zuri, atafuata Barabara ya Nyerere hadi Tazara, apinde Barabara ya Mandela hadi Ubungo, aingie Sam Nujoma hadi Mwenge, halafu ndipo aikamate Barabara ya Bagamoyo. Mwenye teksi atalipa pesa nyingi na kukaa ndani ya foleni ileile. Mwenye kupanda daladala atashuka na kupanda mara mbili au tatu, begi mkononi, kabla hajapata gari la Bagamoyo pale Makumbusho. Yule mwenzake aliyeamua kuunganisha ndege kwenda Zanzibar ataruka dakika 20 tu na jioni atakuwa ufukweni. Wenye mahoteli ya Bagamoyo hawahitaji mtaalamu awaeleze kwa nini vitanda vyao vinabaki vitupu.

Fundi bomba yeyote analijua jambo hili. Ukiunganisha bomba la inchi sita na bomba la nusu inchi, maji utakayokinga kwenye ndoo ni ya nusu inchi. Serikali imenunua bomba la inchi sita pale Kipawa. Bagamoyo bado inakinga kwenye nusu inchi.

Wala si wageni tu. Kaa hai na samaki wabichi wanaosafirishwa kwa ndege wana saa zao, na saa hizo huanza kuhesabiwa tangu wanapotoka majini, si tangu wanapofika kwenye ghala la mizigo la kiwanja. Mvuvi wa Mlingotini na mnunuzi wa mjini wanagawana saa hizohizo, na foleni ya Tegeta inachukua fungu lake kabla yao wote wawili.

BAGAMOYO ILIWAHI KUFUNDISHWA SOMO HILI

Katika karne ya 19 Bagamoyo ndiyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Tabora na Ujiji, na hapohapo pembe na wapagazi viliikuta bahari. Wajerumani waliifanya makao makuu yao, kisha mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam, ambako meli kubwa ziliweza kuingia bandarini. Hata hivyo mji haukufa siku ile. Kilichoumaliza ni reli. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905, reli ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Mpagazi aliyekuwa akitembea miezi mitatu hadi Bagamoyo hakuwa na sababu ya kuja tena. Nyumba za mawe zilibaki, milango ya kuchonga ikabaki, wapangaji wakaondoka.

Mara ya pili somo lilikuja kwa njia ya matumaini. Machi 2013 Tanzania ilitia saini na China makubaliano ya kujenga bandari kubwa Mbegani, baadaye Oman nayo ikaingia, na kiasi kilichotajwa kwa mradi mzima pamoja na eneo maalumu la uchumi kilikuwa dola za Marekani bilioni 10. Oktoba 2015 jiwe la msingi liliwekwa. Mwaka 2016 kazi ikasimama, mwaka 2019 Rais Magufuli akayakataa hadharani masharti ya wawekezaji, na mwaka 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yafufuliwe. Katika miaka hiyo watu wengi, wakiwamo waajiriwa wa kawaida waliokopa kwenye vyama vyao vya akiba, walinunua viwanja Zinga, Kiromo na Kerege kwa bei ya bandari ambayo haijawepo. Mtaji wao ukalala. Mtaji uliolala hauli chakula, lakini riba ya mkopo uliouzaa inakula kila mwezi.

Kwa hiyo tukisikia leo kwamba kiwanja cha ndege kimepanuka, swali la mfanyabiashara lisiwe ni abiria wangapi watatua. Aulize wangapi wanaweza kumfikia yeye, kwa saa ngapi, na kwa uhakika gani.

USHURU TUNAOULIPA BILA KUUONA

Tugeukie barabara. Mtu akisikia barabara ya kulipia hufikiria kibanda, kizuizi na karani anayenyoosha mkono. Ukweli ni kwamba kila anayetumia barabara Tanzania analipa tayari, isipokuwa analipia kwenye pampu. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na badala yake ikaongeza ushuru wa Sh. 40/= kwa kila lita ya mafuta. Mwaka 2021 iliongeza Sh. 100/= kwa lita kwa ajili ya barabara, hasa za vijijini na mijini. Mwaka 2023 ikaongeza Sh. 100/= nyingine kwa ajili ya miradi mikubwa ya maendeleo. Nyongeza hizo tatu peke yake, bila kugusa ushuru uliokuwepo kabla, ni Sh. 240/= kwa lita.

Tufanye hesabu, na msomaji achukue kalamu. Namba zifuatazo za matumizi ya mafuta ni za mfano. Mwenye gari aweke zake. Basi dogo aina ya Costa linakwenda Bagamoyo na kurudi Makumbusho, tuseme kilometa 120 zote, likinywa lita moja kwa kila kilometa 6. Hiyo ni lita 20, na nyongeza zile tatu zinafikia Sh. 4,800/=. Likibeba abiria 30 kwenda na 30 kurudi, kila mmoja amebeba Sh. 80/=. Sasa gari dogo lenye dereva peke yake, linalokwenda kilometa 12 kwa lita, litatumia lita 10 kwa safari ileile, na nyongeza itakuwa Sh. 2,400/= kwenda na kurudi, yaani Sh. 1,200/= kila upande. Mwenye gari dogo analipa mara 15 ya abiria wa basi kwa kila safari ya upande mmoja.

Hapo abiria wa basi anaonekana kama amependelewa, na kwa shilingi ni kweli. Lakini angalia barabarani. Magari madogo 30 yaliyobeba watu 30 yamechukua nafasi kubwa kuliko basi moja lililobeba idadi hiyohiyo, na basi lile limesimama nyuma yao. Abiria wa basi analipa kidogo kwenye pampu, kisha anatozwa tofauti yake kwa saa. Saa haina risiti, ndiyo maana haiingii kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Tumwangalie mama muuza samaki, ambaye kila anayepanda magari ya asubuhi ya Bagamoyo amemwona akiwa na ndoo zake miguuni. Tuseme mtaji wa safari moja ni Sh. 150,000/= na mauzo yake akiwahi ni Sh. 170,000/=, hivyo faida ni Sh. 20,000/= baada ya nauli. Akichelewa saa moja, wanunuzi wa mama lishe wameshapata kwa mwingine, naye analazimika kupunguza bei kwa asilimia 10. Mauzo yanashuka kwa Sh. 17,000/=. Faida ya siku imebaki Sh. 3,000/=, na hajapata hata chai. Akichelewa hivyo siku mbili katika wiki ya siku sita, amepoteza Sh. 34,000/= kati ya Sh. 120,000/= alizotarajia.

Sasa mwambie mama huyu kwamba kuna barabara ya kulipia, Sh. 500/= kwa kila abiria kila upande, na kwamba hatachelewa tena. Kwa safari 12 za wiki atalipa Sh. 6,000/=. Ni mjinga gani atakayekataa kutoa Sh. 6,000/= ili aokoe Sh. 34,000/=? Lakini mwambie kwamba ataongezewa Sh. 500/= hizo na basi lake litaendelea kusimama nyuma ya magari madogo palepale Tegeta, na utasikia maneno ambayo ukurasa huu hauwezi kuyachapa.

Tofauti kati ya hali hizo mbili ndiyo somo zima la wiki hii. Ushuru wenyewe si adui. Swali ni kama pesa na nafasi inayopatikana barabarani vinarudi kwenye basi.

WALIOTUTANGULIA

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mifano. Daraja la Nyerere la Kigamboni, lenye urefu wa meta 680, lilifunguliwa Aprili 2016 kwa ubia wa NSSF na Serikali, na magari yakaanza kulipa ili gharama irudi. Manung'uniko hayakukoma, kwa sababu mkazi wa Kigamboni anayefanya kazi Kariakoo alilipa kwenda na kurudi siku zote za mwaka kama mpita njia wa siku moja. Mwaka 2022 viwango vilipunguzwa na watumiaji wakaruhusiwa kulipia kwa wiki au kwa mwezi. Ilichukua miaka sita kukubali jambo ambalo muuza duka anamfanyia mteja wake wa kila siku bila kuambiwa.

Uganda wao walijenga barabara ya mwendo wa kasi kutoka Kampala hadi Entebbe, kwenye kiwanja cha ndege, kilometa 51 ukihesabu na tawi la Munyonyo. Ilifunguliwa Juni 2018 kwa mkopo wa China, lakini ushuru ulianza Januari 2022, baada ya kutungwa sheria iliyoruhusu kutoza. Gari dogo linalipa shilingi 5,000 za Uganda. Jambo la kupendeza ni kwamba barabara ya zamani ya Entebbe imebaki bure. Anayewahi ndege analipa. Anayekwenda kununua matoke anapita kule alikozoea. Hata hivyo aliye ndani ya kigari cha abiria kwenye barabara ya zamani bado amebanwa.

Kenya ni somo la sarafu. Barabara ya juu ya Nairobi, kilometa 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, inapita mlangoni mwa kiwanja cha Jomo Kenyatta na ilianza kutumika Mei 2022. Gari dogo lililopita mwanzo hadi mwisho lililipa shilingi 360 za Kenya. Januari 2024 ikawa shilingi 500. Barabara haikuwa imeongezeka hata hatua moja. Kilichobadilika ni thamani ya shilingi mbele ya dola, na mradi uligharimiwa kwa dola. Mwekezaji mdogo akisikia mradi wa ubia, aulize kwanza deni limeandikwa kwa sarafu gani, maana ndiyo itakayopanga ushuru atakaolipa miaka mitano ijayo.

Walioufanya ushuru ukakubalika waliuanzisha pamoja na basi. Singapore ilipoanza kutoza magari yanayoingia katikati ya mji mwaka 1975, dola 3 za huko kwa siku, mabasi hayakutozwa, wala magari madogo yaliyobeba watu wanne au zaidi. London ilipoanza Februari 2003 kwa pauni 5, mabasi ya ziada yaliingizwa barabarani siku hiyohiyo, na sheria ilitaka mapato halisi yatumike kwenye usafiri. Walioacha magari nyumbani walikuta cha kupanda.

HATARI INAYOTOKA KIBAHA

Hapa ningependa kutoa maoni yangu, msomaji akubali au akatae. Serikali imepanga barabara ya kulipia kutoka Kibaha hadi Chalinze na kuendelea Morogoro, kilometa 205 kwa jumla, kwa ubia na sekta binafsi. Wengi wa Bagamoyo wanaiona kama habari ya watu wa Morogoro. Mimi sioni hivyo.

Katika muongo wa 2010 ilijengwa barabara ya lami ya Bagamoyo hadi Msata, kilometa 64. Tangu hapo mabasi mengi na malori ya Tanga, Moshi na Arusha hayana haja ya kuzunguka Chalinze. Juu ya hiyo inajengwa barabara ya Bagamoyo, Saadani, Pangani hadi Tanga, kilometa 246, ambayo ni sehemu ya njia ya pwani kuelekea Mombasa. Tulifundishwa darasani, na kila dereva wa lori analijua bila darasa, kwamba ukiweka bei kwenye mlango mmoja na kuuacha mwingine wazi, watu watapita penye uwazi. Barabara ya Kibaha ikianza kutozwa, sehemu ya malori yanayoweza kuchagua yatachagua Bunju, Mapinga na Kerege, ambako hakuna kibanda.

Matokeo yake ni kwamba ushuru wa Kibaha unaweza kulipwa na mama muuza samaki wa Bagamoyo, kwa saa, bila yeye kukanyaga Kibaha. Yapo marekebisho: kutoza malori tu ya safari ndefu katika njia zote mbili, au kuanza na njia ya mabasi katika Barabara ya Bagamoyo kabla kibanda cha kwanza hakijafunguliwa Kibaha. Kila moja lina gharama yake. Kuacha mambo yajipange yenyewe nako kuna gharama, isipokuwa haitalipwa na wapangaji.

MWISHO WA NJIA NI TEGETA

Mabasi yaendayo haraka yalianza Dar es Salaam Mei 2016 kwa awamu ya kwanza ya kilometa 21 hivi, kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani. Kwa mpango wa mradi, awamu ya tatu inafuata Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto, maana yake inapita jirani na kiwanja cha ndege. Awamu ya nne inafuata Barabara ya Bagamoyo hadi Tegeta, na tawi la Sam Nujoma kati ya Mwenge na Ubungo. Ukizitazama kwenye ramani, kwa mara ya kwanza kuna mstari unaoweza kumtoa abiria Kipawa hadi Tegeta akiwa ndani ya njia ya basi isiyoingiliwa na magari mengine.

Halafu mstari unakatika. Kutoka Tegeta hadi Bagamoyo mjini ni zaidi ya kilometa 40, na katika kilometa hizo ndimo walimo watu waliohamia Boko, Bunju, Mapinga na Kerege kwa sababu ndiko walikoweza kununua kiwanja. Barabara ya Mwenge hadi Tegeta ilipanuliwa kwa msaada wa Japan na kufunguliwa mwaka 2014. Kila anayeitumia leo ni shahidi wa jinsi nafasi ile mpya ilivyojaa, kwa kuwa waliojenga nyumba mbele ya Tegeta waliijaza.

Isitoshe, njia bila mabasi ni lami tu. Kule Mbagala njia ya awamu ya pili ilikamilika, ikabaki ikisubiri mabasi, huku wananchi wakigombea daladala pembeni yake. Ingekuwa kiwanda, mwenye kiwanda angefilisika, kwa sababu mtambo uliokopewa fedha ulikaa bila kuzalisha hata senti. Bagamoyo haiombi njia ya zege hadi Dunda. Kilometa 40 za njia maalumu kwa mji wa ukubwa wake ni matumizi ambayo hata mimi, mpenzi wa pwani, siwezi kuyatetea.

Inachohitaji ni kidogo zaidi na cha bei rahisi: mabasi makubwa ya kulisha kutoka Bagamoyo hadi Tegeta, yanayoondoka kwa saa iliyoandikwa ukutani hata kama hayajajaa, tiketi moja inayokubaliwa Bagamoyo, Tegeta na Kipawa, na sehemu ya mizigo midogo, ili ndoo ya samaki na tenga la mananasi visifukuzwe mlangoni. Hilo la mwisho wataalamu hulisahau siku zote. Basi lililopangwa kwa ajili ya karani mwenye mkoba halimsaidii mfanyabiashara mwenye tenga, naye atarudi kwenye gari dogo la mizigo na kuongeza foleni. Wenye Costa za sasa wasiachwe nje. Wameubeba mji huu miaka yote. Wakiungana katika kampuni au ushirika wanaweza kupewa mkataba wa kulisha Tegeta kwa malipo ya kilometa, kuliko kugombea abiria mlango kwa mlango.

Pesa zitoke wapi? Abiria wa ndege za nje analipa dola 40 za huduma ya kiwanja ndani ya tiketi yake, na wa ndege za ndani Sh. 10,000/=. Kwenye pampu zipo zile Sh. 240/= za lita. Hatusemi ziongezwe. Tunasema fungu linalojulikana, hata likiwa dogo, litengwe kwa usafiri wa umma na litangazwe kila mwaka, ili mlipaji aone basi lake.

KWA MWENYE KUTAKA KUNUNUA

Tumalizie na mfuko wa msomaji. Ukitaka kununua kiwanja au duka katika ukanda huu, usipime kwa kilometa kutoka Dar. Panda gari la abiria mwenyewe, siku tatu tofauti, asubuhi ya Jumatatu ikiwamo, uandike saa ya kuondoka na ya kufika. Safari inayochukua saa mbili kila siku ni bora kuliko inayochukua saa moja na nusu leo na saa tatu na nusu kesho, hata kama wastani wake unakaribiana. Ile ya kwanza unaweza kuipangia biashara.

Pili, jihadhari na kiwanja cha barabarani. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake zilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka meta 22.5 hadi meta 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Aliyekuwa kihalali kati ya 22.5 na 30 anastahili fidia barabara ikipanuliwa. Aliyejenga ndani ya 22.5 hana dai. Zipo pia sehemu zenye hifadhi kubwa kuliko hiyo: mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwa kuwa hifadhi ya pale ilihesabiwa meta 121.5. Dalali atakuambia kiwanja kinatazama lami. Wewe nenda na futi kamba, kisha nenda TANROADS mkoa uulize kwa maandishi.

Tatu, hesabu fidia kama deni la muda mrefu, si kama mauzo. Wakazi wa Kipawa, Kigilagila na Kipunguni walifanyiwa tathmini mwaka 1997 kupisha upanuzi wa kiwanja cha ndege, na wapo waliosubiri zaidi ya miaka 10 bila kuruhusiwa kuendeleza nyumba zao. Kanuni za mwaka 2001 zinasema fidia ikichelewa zaidi ya miezi sita inadai riba. Kwa hiyo ukifanyiwa tathmini, tunza nakala ya fomu, picha za nyumba na tarehe ya kusaini, maana riba huhesabiwa kwa tarehe, na asiye na karatasi huanza kesi akiwa ameshashindwa nusu.

Jedwali la bei za mazao na hisa litarudi mahali pake wiki ijayo.